Gorogoro Yenye Pete ya Kijani

Mpendwa Shangazi Priscilla,

Naomba unisome hadi mwisho kabla ya kunikemea. Mimi ni mwalimu wa Biashara katika shule ya kutwa ya wasichana karibu na Ndhiwa, nina miaka ishirini na sita, na mwezi huu nilikuwa nafundisha Kidato cha Tatu maadili ya biashara, na kwa kuwa sikutaka wakariri daftari tu, nilipitia kibanda cha mama, ambaye huuza mahindi sokoni, nikaazima gorogoro yake moja, ule mkebe wa kupimia nafaka, ili waone kipimo cha haki, nikaijaza mahindi mbele yao, nikayamwaga kwenye mizani ya maabara, na kilo mbili nilizotarajia zikawa kilo moja na robo tatu. Dolphine akaigeuza gorogoro, akanionyesha kitako kilivyogongwa kikaingia ndani. "Mwalimu, hii ni ya mwizi gani?" Darasa likacheka, na mimi, Shangazi, niliyepimia wateja nayo tangu darasa la nne bila kuigeuza hata siku moja, nikajibu kwamba nimeiokota sokoni.

Ingeishia hapo. Lakini kesho yake Bitutu, msichana asiyeinua mkono hata akijua jibu, alikuja na kitu amekifunga kwa leso, akakiweka mezani pangu. "Hii ni ya kwetu, Mwalimu. Yetu pia inaiba." Hakulia, hakuinamisha kichwa, na safari hii hakuna aliyecheka. Kufikia Ijumaa zilikuwa gorogoro kumi na moja, kila moja na karatasi yenye jina la nyumba ilikotoka, nami nilizitazama moja moja, maana maadili nimeyasomea miaka minne chuo kikuu na sikuwa nimewahi kuyaona kwa macho. Mama yake Bitutu alifoka kwanza, "Hiyo gorogoro unayoitukana ndiyo imekununulia hiyo sketi!" kisha akachukua nyundo, akakinyoosha kitako mwenyewe.

Sasa iliyobaki bila jina ni yangu tu. Wasichana wanasema Jumanne, siku ya soko, watazunguka nayo kibanda hadi kibanda mpaka wampate mwenyewe, na watampata, kwa sababu mama hupaka gorogoro zake zote pete ya rangi ya kijani. Mama ni shemasi kanisani, wateja humwita Mama Nyongeza kwa vile huongeza konzi nzima juu ya kila kipimo, na ni mahindi hayo yaliyonisomesha. Nikisema, ninamwaibisha mbele ya watoto. Nikinyamaza, ataaibishwa mbele ya soko zima. Nifanye nini?

Joyline, Ndhiwa

Joyline mwanangu,

Nimekusoma hadi mwisho, kwa hiyo sasa nikukemee. Barua nzima unamlilia mama yako, na uongo uliosemwa darasani ni wako. Mtoto wa watu amebeba aibu ya kwao kwenye leso, akaifungua mbele ya wenzake. Wewe mwenye digrii ukaokota kitu sokoni!

Hiyo nyongeza nayo imeninyima raha. Ile konzi ilikuwa ya mteja tangu mwanzo. Mama yako alimrudishia kidogo cha mali yake, akashukuriwa. Najua inauma kusoma hivyo kuhusu mtu aliyekulea, na simwiti mtu mbaya. Soko zima limegonga vitako, naye alikuwa na mtoto wa kusomesha.

Nenda kwake Jumapili. Usiende kumfundisha; una darasa lako la kufundisha. Mwekee gorogoro mbele yake, uanze na kosa lako: "Mama, niliwadanganya watoto juu ya hii." Kisha mwambie kuhusu Jumanne, asije akakutwa hajui. Atafoka. Mwache afoke, na nyundo usimshikishe. Akitaka ataitafuta mwenyewe.

Jumatatu, kabla ya kipindi, bandika karatasi kwenye hiyo gorogoro na uandike jina lako. Si la mama. Wewe pia umepima nayo. Wakishaketi, waambie kama Bitutu alivyokuambia: "Hii ni ya kwetu." Usieleze mama alikusomesha vipi, usilie wakuonee huruma, usingoje wakupigie makofi. Dolphine akiuliza swali, mjibu. Halafu chukua chaki, geuka ubaoni, uendelee na somo.