Dawa za Mbwa wa Baba

6 Machi 1991

Kwako binti yangu,

Salamu nyingi kutoka kwa baba yako. Huku hatujambo. Magoti yangu ndiyo yanayolalamika, na hayo yana kelele tangu ukiwa darasa la nne. Natumai nawe u mzima na kazi ya dukani haijakuchosha. Kama kawaida, maneno ni yangu na mwandiko ni wa mama yako, kwa hiyo ukiona kosa mlaumu yeye. (Naandika anavyosema. Makosa ni yake. Mama.)

Nakuandikia habari ya mbwa. Hali zao si nzuri. Hakimu anaburuta makalio uani mchana kutwa, Fitina amebaki mbavu, na juzi tukiwa tunamfukuza nguruwe pori, Karani alikaa chini akanitazama kama mtu aliyekwisha kustaafu. Kwenye vinyesi vyao naona vitu vyeupe mfano wa punje za mchele, na vinatembea. Mwenye nguvu ni Bibi Harusi peke yake, na nguvu zenyewe anazimalizia kuwang'ata wenzake.

Jirani mfuga ng'ombe ana chupa ya dawa ya sindano, ile ya ng'ombe wake. Anasema mbwa hahitaji sindano, unammiminia tu mdomoni na minyoo yote inakwisha. Mimi naona dawa inayomweza fahali haitashindwa na mbwa. Lakini kwa kuwa wewe ndiye unayeuza dawa za mifugo, nimeona nikuulize. Nijibu upesi, msimu wa kuwinda umeanza.

Mama yako anakusalimu. Siku hizi anachoka mapema. Nadhani ni uzee, ila hataki niseme. (Sijachoka. Mama.)

Ni mimi,
Baba yako

15 Machi 1991

Baba na mama,

Shikamooni. Mimi sijambo, kifua kilichonisumbua mwezi uliopita kimepona. Barua yenu nimeipata leo asubuhi kwa kondakta wa basi, nami naijibu hapa hapa kaunta, wateja waningoje.

Baba, ile chupa usiiguse. Ile ni dawa kali iliyopimwa kwa mnyama wa kilo mia tatu. Matone machache tu yanamtosha mbwa, na ukimmiminia kijiko atatetemeka, atatokwa na mate, atapofuka na anaweza kufa. Na hata asipokufa, hutakuwa umefanya kitu. Hizo punje nyeupe ni vipande vya tegu, yaani minyoo bapa, na dawa ile haiwezi tegu hata kidogo.

Kuna vidonge vyao maalumu. Kimoja ni cha kilo kumi za mbwa, hakuna kukisia kwa macho. Nitumie uzito wa kila mmoja nami nitakuhesabia. Pale kwenye mashine ya kusaga kuna mzani. Niambie pia kama kuna jike mwenye mimba, maana huyo namwuliza daktari wa mifugo kwanza.

Na mama, pumzika. Uchovu si kosa la jinai.

Binti yenu

2 Aprili 1991

Kwako binti yangu,

Salamu. Sisi tupo. Barua yako ilichelewa, ilikaa siku nane kwenye droo ya kondakta. Mimi sikuwa na subira. Niliazima chupa ya jirani, nikaanza na Bibi Harusi, kwa kuwa ndiye mwenye nguvu, nikidhani ataistahimili. Nilimpa kijiko kimoja cha chai. Kufikia jioni alikuwa anagonga kuta kwa kichwa. Mama yako alimlaza mapajani siku mbili, akimlowesha ulimi kwa kitambaa, na siku ya tatu akafa. Wengine sikuwapa. Ulichokiandika kilikuwa kweli tupu na kilinikuta nimeshika jembe nikimfukia. Nimeumia, mwanangu. Jirani amekuja kunipa pole, nami nimemrudishia chupa yake.

Uzito ni huu. Hakimu tisini na moja, Fitina themanini na tatu, Karani themanini na saba. (Usishtuke. Alipanda mzanini amewabeba. Yeye peke yake ni sitini na sita, toa hizo. Mama.) Hakuna mwenye mimba, aliyekuwa jike ni yule tuliyemzika.

Sasa niulize jambo. Nikipasua mnyama, mara nyingi nakuta ini au pafu lina vifuko vya maji, vyeupe, vingine saizi ya yai. Sisi wawindaji hatuli kitu hicho. Tunakikata palepale na kuwatupia mbwa, ndiyo haki yao, baba yangu alifanya hivyo na baba yake pia. Je, minyoo yao inatoka humo?

La mwisho, na nimemsimamia mama yako aliandike maana hataki. Ana uvimbe chini ya mbavu za kulia. Hauumi sana ila unakua. Ukiubonyeza unahisi una maji ndani. (Ni kitu kidogo. Mama.)

Baba yako

14 Aprili 1991

Baba na mama,

Shikamooni, na poleni kwa Bibi Harusi. Namkumbuka alivyoniibia kiatu.

Vidonge ninavyo na nimempa kondakta mkononi, nimemwambia nikisikia vimelala kwenye droo nitamfuata. Hakimu kilo ishirini na tano, vidonge viwili na nusu. Fitina kumi na saba, kimoja na robo tatu. Karani ishirini na moja, viwili na kipande kidogo. Vifiche ndani ya donge la ugali na uhakikishe amemeza, Karani ni mjanja wa kutema. Kisha wafunge siku tatu. Kila kinyesi chao kichome moto au kifukie kwenye shimo refu, maana minyoo ikitoka hutoka na mayai yake. Oga, nawa kwa sabuni, usile kitu na mikono ile. Rudia kila baada ya wiki sita msimu wote, na usiongeze dozi kwa kudhani ndiyo utamponya zaidi.

Ndiyo baba, inatoka humo. Vile vifuko ni watoto wa tegu. Mbwa akivila vinakuwa minyoo tumboni mwake, naye anamwaga mayai uani, kwenye manyoya, kila mahali. Kuanzia leo usiwatupie tena. Chemsha nusu saa au choma. Najua ni desturi ya wazee, lakini wazee hawakuwa na mtu wa kuwaambia.

Ukurasa wa pili huu ni wa mama. Mama, soma polepole, baba asikie kila neno.

Mayai yale mtu akiyameza, kwa mkono uliomshika mbwa, kifuko kinaota ndani yake pia, mara nyingi kwenye ini, upande wa kulia. Kinakua miaka mingi bila maumivu. Nimemweleza daktari wa mifugo uvimbe wa mama, uso ukambadilika, akanipeleka mwenyewe hospitali kwa daktari wa upasuaji. Wanamtaka mama hapa tarehe 6 Mei. Kitanda kipo, nitakaa naye mimi. Kwanza kuna vidonge, kisha upasuaji, na wengi wanapona. Lakini hadi siku hiyo mtu yeyote asiukande, asiubonyeze, na zaidi ya yote asiutoboe. Maji yale yakimwagika ndani ya mwili yanaweza kumwua palepale. Baba, hili ni juu yako. Mlete.

Binti yenu

1 Mei 1991

Kwako binti yangu,

Salamu nyingi. Vidonge vimefika. Hakimu alimeza kiungwana, Fitina akang'ata kidole changu, Karani alitema mara mbili kama ulivyotabiri. Nimewafunga siku tatu, nimechoma kila kitu hadi majirani wakaziba pua. Wameanza kupata mwili. Nimewinda mara moja tu na maini nimeyafukia. Mkono ulikuwa mzito, nakuambia kweli, mbwa walikuwa wananitazama wakingoja chao.

Kuhusu mama yako nimesikia ulivyoandika, kwamba si jambo la haraka na tungoje hadi uje likizo ya Desemba umwangalie mwenyewe. Mimi naona Desemba ni mbali, maana uvimbe sasa unaonekana hata akivaa. Lakini wewe umeuliza madaktari, mimi ni nani.

(Mimi nipo salama. Usijisumbue, mwanangu. Kula vizuri. Mama.)

Baba yako

9 Mei 1991

Kwa mwenye mashine ya kusaga,

Salamu, mzee wangu. Samahani kwa kukuingiza katika mambo ya nyumba yetu. Nakuomba umsomee baba barua hii wewe, mama asiwepo.

Baba, sikuandika Desemba. Sijawahi kuandika Desemba. Niliandika kurasa mbili, na ya pili yote ilikuwa ya mama. Tarehe 6 nilikaa stendi kutwa, nikatazama kila basi lililoingia. Mama anaogopa kisu na amekuficha. Mlete kesho, mlete hata akilia. Asiguswe na sindano ya mtu yeyote. Daktari amenishikia kitanda hadi tarehe 18.

Binti yako

17 Mei 1991

Kwako binti yangu,

Maneno ni yangu, mwandiko ni wa mwenye mashine. Sijui nikusalimuje. Mama yako hatunaye. Amefariki Jumapili tarehe 12, tukamzika kesho yake. Mvua imelikata daraja, hakukuwa na gari wala mtu wa kumtuma kwako. Barua yako imenifikia jana, maji yalipopungua. Sasa daraja limeungwa kwa magogo na hii inaondoka na lori la kwanza.

Nitakuambia yote. Alianza kushindwa kulala upande ule. Nikamwita dresa wa zahanati, akaupapasa akasema ni maji tu, atayavuta kwa sindano nene na atapata nafuu siku ileile. Mama yako alikataa. Alikataa mara mbili. Mimi ndiye niliyemwambia, "Mke wangu, kama kungekuwa na hatari binti yetu si angeandika?" Aliniangalia. Nilidhani anatafuta neno la kunijibu. Kisha akasogeza khanga yake, akalala.

Maji yalitoka meupe, safi, nikafurahi. Dresa naye akafurahi. Hapo hapo mama yako akaanza kujikuna shingo, midomo ikavimba, akashindwa kuvuta pumzi. Alinishika mkono hadi mwisho.

Jana mwenye mashine aliponisomea yako, nilimwambia anaongeza maneno. Nikatafuta ile barua ya Aprili, nikaikuta ndani ya sanduku la nguo la mama yako, kurasa zote mbili, zimekunjwa vizuri. Nilimfanya mwenye mashine anisomee mara tatu. Nikatoka nikamwita mwalimu anayepita, mgeni kabisa, naye akasoma yaleyale.

Simlaumu mama yako. Dada yake aliingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake, akatoka amefunikwa. Miaka thelathini amenisomea kila karatasi iliyoingia nyumba hii, na nakuapia hakuruka neno ila hilo. Mbwa wamenona. Watu wananiambia niwapige risasi, lakini wao walikula nilichowapa.

Usinijibu kwa barua, mwanangu. Sitamwamini tena mtu aliyeshika karatasi mbele yangu, hata huyu mwema anayeniandikia. Panda gari uje uniambie kwa mdomo wako kama ni mimi niliyemwua.

Baba yako