Mgonjwa wa Mazoezi

Jumatatu, 4 Machi

Mahakamani tangu asubuhi. Mkurugenzi wa kampuni kaja na mawakili watatu, kana kwamba mmoja hatoshi kusema uongo. Nimempa jina: Bwana Ubunifu, maana neno hilo halimtoki mdomoni. Kaapa kwamba programu yake ya kuandikisha wagonjwa aliibuni mwenyewe, kuanzia mstari wa kwanza. Aliibuni! Alichobuni ni kuitoa rangi ya kijani na kuipaka buluu.

Niliiandika mimi, miaka saba iliyopita, nikaitoa bure kwa leseni huria. Itumie utakavyo, ibadili utakavyo – ila jina langu libaki, na wenzako nao waachiwe waione na kuibadili. Mtoto wa darasa la nne angeelewa. Bwana Ubunifu kalifuta jina, kaipiga kufuli, anaziuzia zahanati.

Tumeomba msimbo wake, maandishi yenyewe ya programu, ukaguliwe. Wamekataa: eti faragha ya wagonjwa. Nilicheka kwa sauti. Jaji akanikazia macho.

Jumatano, 6 Machi

Wakili wangu – mama mmoja mkavu, anakula karanga juu ya majalada – anasema bila msimbo tutashindwa. Anataka kitu kinachoonekana kwa nje, kilichomo kwenye programu yangu na kisicho na sababu ya kuwamo kwenye yao. Akaniuliza kama sisi mafundi hatuachi alama.

Tunaacha. Mimi niliacha mgonjwa wa mazoezi. Ukiandika sifuri tatu penye namba ya mgonjwa, anatokea mtu wa kujaribia. Nilimwandika nani hata sikumbuki, programu ile sijaigusa miaka.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepita zahanati ya karibu na ofisi, yenye programu ya buluu. Nikasingizia koo. Mapokezi kuna binti mcheshi. Nikamwomba aandike sifuri tatu.

"Kumbe unamjua Mama Sifuri?" akacheka. "Sote tumefundishiwa kazi kwake. Zahanati zote." Akanigeuzia kioo cha kompyuta.

Tumeshinda. Hilo ndilo lililonijia kwanza, na ninaliandika ili nisije nikajidanganya baadaye. Kisha nikasoma.

Majina yote matatu ya mama yangu. Tarehe yake ya kuzaliwa. Wodi ya magonjwa ya akili, siku kumi na tisa. Dawa zote. Na maneno ya daktari: hali chakula, hasemi, hataki kuamka tangu mumewe afariki.

Fomu zake za hospitali zilikuwa mezani kwangu siku ile ninamwandika mgonjwa wa mazoezi. Nilihitaji mgonjwa aliyelazwa muda mrefu, nikanakili. Nilikusudia kumfuta kabla sijaitoa programu. Nikaitoa mchana uleule. Nikasahau.

"Tunamhurumia huyu mama," binti akasema. "Kila anayeanza kazi anamlaza upya. Hajawahi kuruhusiwa."

Jumamosi, 9 Machi

Bwana Ubunifu ni mwizi. Lakini mwizi huchukua alichokikuta. Aliyemwanika mama ni mimi – mimi niliyepanda majukwaani kuwahubiria watu faragha, nikapigiwa makofi, nikaona raha. Mjinga mkubwa.

Majuma yale aliyolazwa mama, tuliwaambia ndugu kwamba kaenda kupumzika kwa rafiki yake. Shangazi, dada yake baba, hajamsamehe mpaka leo: mjane gani huyo anakwenda kutembea kaburi halijakauka? Mama hunyamaza tu. Siri hiyo tunaijua wawili, yeye na mimi. Na zahanati zote.

Jumanne, 12 Machi

Wakili kafurahi mpaka kasahau karanga zake. Kesho ataandika sifuri tatu mbele ya jaji, kwenye skrini kubwa. Nikamwuliza kama jina linaweza kufichwa. Likifichwa, kasema, huyo ni mgonjwa yeyote. Likionekana, ni mama yako, na Bwana Ubunifu hana pa kutokea. Tunaweza kuomba jaji asikilize faraghani, lakini ombi atoe mwenye siri mwenyewe.

"Kwa hiyo mwambie," akasema. "Leo."

Nikampigia mama. Sijafungua mdomo, kaanza yeye: kesho anakuja, gauni keshalipiga pasi, na shangazi kakubali kumsindikiza. "Acha aje aone nimezaa mtu."

Nikasema sawa, mama. Nikakata simu. Na bado namdharau Bwana Ubunifu kwa kukosa uso wa kusema kweli!

Jumatano, 13 Machi

Naandikia gotini. Mapumziko ya dakika kumi. Bwana Ubunifu karudia kiapo chake kizima, sauti haikutetereka hata mara moja. Karibu nimwonee wivu.

Skrini wameiweka upande wa jaji, lakini kubwa kiasi kwamba hata wa viti vya nyuma watasoma. Mama na shangazi wapo mstari wa mbele. Nimemwomba mama tutoke nje kidogo, kuna jambo. Kanipapasa mkono.

"Woga huo, mwanangu. Utaniambia ukishashinda."

Nikasema ni la sasa hivi. Akahamisha mkoba wake ili nikae kati yao. Nikakaa.

Karani karudi. Jaji anaingia – tumesimama, tumeketi. Wakili kaweka kidole kwenye sifuri, ananitazama, anasubiri nitikise kichwa kukubali. Shangazi katoa miwani yake mkobani, anaipangusa.