Ovaroli Inayonukia Vitunguu

Mwanangu Andongwisye,

Huku Mbozi hatujambo, na kahawa imeiva vizuri. Ovaroli uliyoiacha ulipokuja kunisalimia nimeifua. Ulisema chuo kimekupeleka Tunduma, kwenye gereji ya malori, ujifunze uhandisi kwa vitendo. Mbona haikuwa na hata tone la grisi? Ilinukia vitunguu, na vidole vyako vilikuwa na malengelenge ya mafuta ya kukaangia. Mimi muuza maandazi hunidanganyi. Hao mafundi wamekufanya mpishi wao, nawe umenyamaza ili wakupe alama.

Mashine yetu ya kumenya kahawa imekwama. Fundi alikuja, nikamrudisha. Kahawa ikishachumwa hailali bila kumenywa, kwa hiyo nimezuia watu wasichume mpaka uje uitengeneze wewe.

Mama yako,
Ferista