Kibuyu cha Mama wa Mlimani

Jumatatu, 5 Agosti 1957
Suruali za shule, koti la mzee wa kanisa, vifungo. Cherehani inakwenda vizuri. Mguu wangu pia. Jumamosi nampelekea yule mama kibuyu chake.

Namkumbuka kila siku. Nilipanda Meru kwa ubishi tu, nilione shimo la juu. Ukungu ukanifunika, nikateleza, kifundo kikateguka. Yeye alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Hakuniuliza mimi wa wapi wala kabila gani. Alininywesha maziwa, akanishika bega mpaka barabara ya Akheri, akaniachia na kibuyu chenyewe cha maziwa. "Utakirudisha mwenyewe," alisema, basi. Jina sikumwuliza. Mjinga mimi.

Jumanne, 6 Agosti
Kibuyu kinanuka moshi. Nimekisugua ndani na nje kwa sabuni ya mche, nikakianika. Kinang'aa. Mimi nikishika kazi, nimeshika.

Jumatano, 7 Agosti
Mama Elibariki, mteja wangu wa Akheri, kaja kuchukua gauni. Akanusa kibuyu.

"Wewe fundi! Umekiosha na sabuni? Umekiua."

Kumbe cha maziwa husafishwa kwa makaa ya mzeituni mwitu, na ule moshi ndio utamu wenyewe. Kwetu Kondoa nilikulia dukani, ningejuaje? Nimeona aibu. Kisha hasira. Kisha nimemwomba aniletee huo mti.

Alhamisi, 8 Agosti
Nimetia makaa, nimetikisa, nimekung'uta. Nikatia maziwa. Sabuni tupu! Nimetema. Bwana Ramji, mwenye duka, anauliza tangu lini fundi wake anapika barazani.

Ijumaa, 9 Agosti
Makaa tena. Maziwa tena. Sabuni bado ipo, kwa mbali. Nitakwenda hivyo hivyo na kusema kweli. Nimefunga na kifurushi cha sukari, maana chombo cha mtu hakirudi peke yake. Lakini naogopa. Mtu kaniokoa, nami namlipa kwa kumharibia kitu chake.

Jumamosi, 10 Agosti
Nimempata kwenye mteremko uleule, mzigo wa majani kichwani. Nikamwamkia shikamoo, nikaanza habari ya sabuni, maneno yakigongana. Hakusikiliza. Alitua mzigo, akainama, akabonyeza kifundo changu kwa kidole gumba.

"Tembea."

Nikatembea.

"Rudi."

Nikarudi. Akacheka kwa nguvu, akapiga makofi.

"Vibuyu ninavyo tele, mwanangu. Nilitaka urudi nione kama huo mguu umepona. Ningekuulizia kwa nani mimi?"

Nililia, tena mbele yake. Anaitwa Mama Naomi.

Jumapili, 11 Agosti
Duka limefungwa. Baada ya chai nimetembea kutoka mtaani kwangu Daraja Mbili mpaka Lemara na kurudi, polepole. Sikuwa na shughuli huko; nilikuwa nausikiliza mguu tu.