Mkono wa Kushoto

Mjukuu wangu Salim,

Salamu zikufikie huko Amerika ukiwa mzima. Huku mtaani kwetu Al Khuwair bibi yako hajambo, na shangazi yako Zuwena kahamishiwa wizara nyengine. Mwandiko ukikushinda, nisamehe: kiharusi kimenichukulia mkono wa kulia, basi nnaandika kwa wa kushoto.

Umeniuliza, bega likikuharibikia na besiboli yako ikaisha, utabaki kuwa nani. Mie ujanani Unguja nilikuwa mrusha mpira wa kriketi, kwa mkono huuhuu wa kushoto. Nyumbani mama akiuchapa kila ukigusa sahani. Uwanjani watu wakiupigia makofi. Siku bega lilipoteguka, nahodha aliniambia, "Kapumzike kidogo, Nassor," akampa mwengine mpira. Nikakaa pembeni nikisikiliza makofi yaleyale. Hayakupungua hata kidogo. Hapo ndipo nilipojua kuwa hayakuwa yangu. Bega halikurudi tena.

Jirani akija kunisalimu nnampa mkono huu uliobaki, naye husita kabla ya kuupokea.

Ukija, we usisite.

Babu yako,
Nassor