Droo ya B Imekwama, na Mke Wangu Yumo Ndani

Jumatano. Mvua ya vuli tangu alfajiri, Kisauni yote tope. Moyo wangu nao tope.

Leo mimi, Kombo bin Mbwana, tarishi wa zahanati, nimeifungua kwa mkono wangu mwenyewe droo iliyowashinda watu wenye vyeti.

Uongo. Ameifungua mke wangu. Mimi nilimshikia mkoba.

Miaka kumi na mitano mafaili ya wagonjwa niliyapanga mimi, kwa mitaa. Mtu akija namuuliza, watoka wapi? Akisema Utange, naenda kwenye fungu la Utange, namtoa. Kwenye pembe ya kila jalada nilitia alama ya penseli: kijiti kwa Utange, msalaba kwa Frere Town (wasininunie, ndiko kwenye kanisa), mawimbi kwa wapishi na watunza bustani wa Nyali. Hakupotea mtu.

Kisha ikaja amri. Uhuru ni mwezi ujao, ofisi lazima ipendeze. Likaletwa kabati la chuma lenye droo nyingi, ya A juu, ya B chini yake, na mafaili yafuate herufi, kwa jina la ukoo. Pamoja na kabati akaletwa karani, Elija, mtu wa bara, mpole, shati jeupe hata siku ya tope.

Nilimpenda. Nilimtafutia chumba. Kila asubuhi alipitia kwangu kunywa chai kwa mahamri, na mke wangu akimwita mwanangu.

Siku ya kwanza ya kazi aliniuliza, "Mzee Kombo, hawa akina Ali bin Omari, ukoo wao ni upi?"

Nikamwambia, "Andika Bin tu, mwanangu. Sisi watu wa pwani sote ni ukoo mmoja, Bin. Na wanawake ni Binti, wa ukoo huohuo."

Nilikuwa natania! Bin ni mtoto wa fulani, hata kuku wa Kisauni wanajua. Nikangoja acheke. Hakucheka. Akaandika.

Nami nikanyamaza. Hapa ndipo nilipokosea, naliandika mwenyewe lisije likaandikwa na mwingine. Ilikuwa tamu mno kumwona msomi akibeba mafaili kwa mafungu, akiyashindilia yote kwenye droo ya B, huku droo nyingine zina majalada machache yamejinyoosha kama mabwana. Nilikwenda kusimulia kwenye baraza ya kahawa. Watu walicheka mpaka vikombe vikamwagika.

Jumatatu droo ya B ilifungwa kwa goti. Jana ikakataa kufunguka.

Na ndani yake yumo mke wangu.

Mwanaisha binti Shee, na picha ya kifua aliyopigwa kule hospitali kubwa ya kisiwani. Kesho anakuja daktari wa kifua. Huja mara moja kwa miezi mitatu, na asiye na picha hamtazami. Mimi ndiye ninayelala kando ya kikohozi kile. Najua miezi mitatu ina urefu gani.

Jana tulivuta. Tukatia bisibisi. Tukapiga nyundo. Kelele zikamtoa Bwana Mganga, mkuu wa zahanati. "Nani amelijaza kabati hivi?"

Nilifungua mdomo niseme kwamba mzaha ulikuwa wangu. Wallahi nilikuwa nasema.

Elija akanitangulia. "Ni mzee, bwana. Hajui kusoma. Anajipachikia tu."

Hajui kusoma.

Herufi za Kiarabu nilizipata chuoni, utotoni, nikisoma Kurani. Hizi za kizungu nilijifunza ukubwani, na mpangilio wake hunipotea nikifika L. Siri hiyo nilimpa mtu mmoja tu, jikoni kwangu, hamri langu likiwa kinywani mwake. Angesema mzee alinidanganya, ningeinua mikono, kweli nilimdanganya. Yeye akaenda kutafuta mahali nilipomwonyesha panauma, akapiga hapohapo.

Bwana Mganga akaniambia nisiguse tena faili, nibaki na barua na ufagio.

Leo asubuhi Mwanaisha akaja mwenyewe, leso kichwani, akikohoa kila hatua. Nilikuwa nimemweleza yote, pamoja na mzaha.

"Baba Zuhura," akaniambia mbele ya wagonjwa, "uzee umekuongezea ndevu tu." Akamgeukia karani. "Nawe mwanangu, chai yangu ilikuwa na kasoro gani?"

Elija akamsogezea kiti.

Mwanaisha akalitazama kabati kama anavyolitazama kabati lake la nguo likimletea jeuri. "Ya juu mmeitoa?"

Hakuna aliyekuwa ameitoa. Tukaichomoa droo ya A nzima, yeye akaingiza mkono kwa juu, akalishusha jalada moja lililosimama na kugota kwenye chuma. Akavuta. Droo ikaja kama iliyopakwa mafuta.

Mafaili yakamwagika sakafuni, Bin kwa Bin. Elija akapiga magoti, akaanza kusoma jina moja moja. Mimi nisiyejua kusoma nilitazama pembe. Kijiti, weka huku. Msalaba, weka kule, libaki fungu la mtaa wetu. Alama zangu hakuzifuta, sijui kwa uvivu au kwa heshima. Kabla hajamaliza rundo la kwanza, picha ilikuwa mkononi mwangu. Imekunjika pembe moja, mbavu zote zaonekana.

"Samahani, mzee," Elija alisema, kwa sauti ya chini, Bwana Mganga akiwa ameshatoka.

Aliponivunjia heshima alisema kwa sauti kubwa.

Sasa Mwanaisha amelala, picha iko chini ya mto wake, hataki kuiacha ofisini tena. Kesho atatazamwa, alhamdulillahi. Nami kesho nitamwambia Bwana Mganga habari ya ukoo wa Bin, acheke au anifukuze.

Daftari hili nitalisahau mezani kwa Elija, makusudi. Ukilisoma, mwanangu, chai ipo kama kawaida. Lakini kwa mahamri yote yale una jambo dogo la kunifanyia. Nenda kwa Bwana Mganga kabla daktari hajafika, umwambie mzee anajua kusoma.

Ukiongeza "mpaka L", sitanuna.