Umejaa Hewa, Baba

Baba,

Shikamoo. Mkono umeiandika wenyewe kabla sijafikiri nani ataitikia. Basi ibaki hivyo hivyo.

Bado sijakulilia. Naanza na hilo kwa sababu ndilo wanalonisema hapa Kitomanga. Shangazi alikuja kutoka Mtama, akakaa matanga mpaka mwisho, akaondoka akisema mwanao Somoe ana roho ngumu. Mama hakunitetea. Yeye alilia mpaka sauti ikamkauka, akikuita kwa jina lako la ujanani ambalo sisi watoto hatukuwahi kulisikia. Mimi nilikuwa uani nachagua mchele. Nikawapakulia wageni, nikaosha masufuria, nikalala. Kulipokucha nikaanza tena.

Hata mtani wako Chilumba hakunitikisa. Wanaume waliporudi kutoka makaburini alijilaza kwenye mkeka wako barazani, akashika kifua, akaupiga ule mluzi wa pumzi zako, kisha akapaza sauti: "Jamani, nimejaa hewa mie! Nipunguzieni kidogo!" Uwanja mzima ulicheka. Shangazi alicheka huku machozi yanamtiririka. Alikuiga vizuri, Baba, hata ulivyokuwa unanyanyua mabega. Nilimtazama, nikaenda kuongeza maji kwenye chai.

Maneno yale uliyaleta mwenyewe kutoka Lindi. Kabla ya hapo uliamini una kifua kikuu, kwa kuwa ndicho kilichomwondoa Baba Mkubwa. Hakuna daktari aliyekuambia, ulijiamulia tu. Ulijitengea kikombe cha bati, ukakitia alama kwa msumari, ukawa unakula peke yako nyuma ya nyumba, na wajukuu wakikufuata unawafukuza kama kuku. Makohozi yakapimwa, hawakuona kitu. Ukasema vipimo vyao vibovu. Ndipo tukakupeleka Lindi kupiga picha ya kifua. Ukaambiwa vuta pumzi, ibane, ukashindwa kuibana, wakarudia. Daktari aliiinua picha kwenye mwanga. Mapafu yako yalikuwa marefu, meusi. Akasema hapa hakuna kifua kikuu, hii ni pumu, mapafu yamejaa hewa.

Wewe ulilisikia hilo la mwisho tu. Njia nzima ulikuwa unawaambia watu usiowajua: "Nimejaa hewa mie! Kumbe mlikuwa mnanizika mzima!" Jioni ile ulikunywa chai kwenye kikombe cha Mama, ukawaita wajukuu wote mezani, ukawalisha kwa mkono wako. Sijapata kukuona na furaha kama ile. Na ile pampu ya dawa uliyopewa uliigeuza, ukanusa mdomo wake, ukaniuliza, "Somoe, tairi limeshajaa upepo, unalipampia nini tena?" Nikacheka, nikidhani ni mzaha wako. Kumbe ulikuwa unasema kweli. Ukaitia kwenye boksi la vifaa vya baiskeli, pamoja na viraka na gundi.

Halafu mikorosho ikatoa maua na wewe ukarudi shambani kupuliza unga wa salfa. Kitambaa cha kuziba pua ulisema ni mambo ya bibi harusi. Walikurudisha kwa bodaboda, umebanwa katikati ya watu wawili, mabega yamefika masikioni. Ulinionyesha kifua, ukataka kusema neno, likakwama. Nilikimbilia lile boksi. Pampu ilikuwa na kifuniko chake bado. Nilipoifikisha mdomoni kwako ulikuwa huvuti tena.

Hayo nimeyaandika bila kusimama. Sisikii kitu, Baba. Ni kama naandika habari za mtu wa kijiji kingine.

Ila sababu nimeijua, na ndiyo iliyonifanya nikuandikie. Kifua chako umeniachia. Kwa miaka nimekuwa nikikohoa alfajiri nikisingizia vumbi. Usiku ule wa kwanza wa msiba machozi yalitaka kuja, lakini kilichotangulia ni kifua. Kilibana, na mluzi ukatoka, wako ule ule. Niliogopa. Nikayarudisha machozi, kifua kikalegea. Kila yalipokuja niliyarudisha, na sasa hayaji hata nikiyaita.

Nilikwenda Lindi peke yangu. Nikapiga picha, nikaambiwa picha ni safi. Nilifurahi, damu yako hiyo, nikajifunga kanga niondoke. Daktari, binti mdogo kuliko mimi, akaniambia nikae. "Dada, picha kuwa safi si kwamba huna pumu. Wengi wenye pumu picha zao ziko hivi hivi. Hii imetusaidia kuona kuwa si kifua kikuu wala nimonia. Pumu nimeisikia nilipokusikiliza mgongoni." Akanipa kifaa nipulize kwa nguvu, mshale ukapanda kidogo tu. Akanivutisha dawa, akaniacha nikae, akaniambia nipulize tena. Mshale ukapanda juu zaidi.

Nikamuuliza habari zako. Nilitaka kujua inakuwaje mtu aliyejaa hewa afe kwa kukosa pumzi. Akasema hewa ilikuwa inaingia ikikosa pa kutokea, njia zimebana, na mapafu yakijaa namna ile, hewa nyingine haina pa kukaa. Dawa kazi yake si kujaza. Inafungua njia. Nikamshukuru, nikapokea pampu yangu, nikaenda stendi, nikanunua maandazi, nikayala yote.

Mama hataki kuiona pampu yangu. Anasema ukishaizoea huachi, lakini najua si hilo. Aliiona yako mkononi mwangu asubuhi ile ulipokata roho, na sasa anaona ndiyo iliyokuchukua. Jana alinishika mikono yote miwili akaniomba niitupe. Ana mtoto mmoja tu aliyebaki naye humu ndani na hataki kumzika kwa pampu.

Jibu langu nakupa wewe kwanza, yeye nitampa kesho. Siitupi. Nitaivuta kama nilivyoelekezwa, hata siku ambazo kifua kimetulia. Msimu wa salfa shambani sikanyagi, wapulize wengine. Na wajukuu zako, yeyote nitakayemsikia anapiga mluzi usiku, nitampeleka Lindi, na nitamsikiliza daktari mpaka amalize kusema.

Ijumaa Mama anakwenda hitimani kwa jirani. Nyumba itakuwa tupu. Kwaheri yangu nimeiweka siku hiyo, Baba, kwa hiyo leo nisamehe nikikuaga kwa haraka. Mungu akupe nafasi kaburini, wewe uliyebanwa sana huku. Nitaingia chumbani kwako, nikae kitandani, nivute dawa kwanza, nisubiri njia ifunguke. Halafu nitakulilia kwa sauti, mpaka Chilumba asikie kwake.

Mwanao,
Somoe